Msilifukie Lote

Ninyi vijana mnaochimba sasa hapa Misiera, juzi mlikuja na majembe mkaniambia mnataka kulifukia lile shimo nyuma ya nyumba yangu, na kwamba hamtaki malipo. Nawashukuru. Sababu mlizotoa ni za kweli: mvua zikianza kuta zitabomoka, na watoto wa jirani hucheza karibu nalo. Siku ile sikuwajibu. Nilijifanya nimechoka nikaingia ndani. Jibu langu ni refu, na mimi kwa mdomo sijui kusema mambo marefu, kwa hiyo nimeliandika. Anayejua kusoma awasomee wenzake.

Nitaandika Kiswahili cha vitabu, kile nilichojifunza mwenyewe kwa redio na kwa vitabu vya kuokota. Watu watakaosema humu ndani nitawaacha waseme kwa midomo yao.

Nimechimba katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, mashimo ya aina tatu. Choo, kaburi, na shimo la ubatizo. Mnayafahamu yote, lakini sina hakika kama mnafahamu tofauti. Choo kina mdomo mdogo na kina kirefu, na hatari yake ni hewa. Kaburi hatari yake ni pembe. Mtanicheka, lakini wafiwa wakisimama pale juu hawana kitu kingine cha kuangalia ila pembe za shimo. Zikiwa zimepinda, mama wa marehemu atazikumbuka mpaka kufa kwake. Shimo la ubatizo ni la kina cha kiuno, lina ngazi upande mmoja, na hatari yake ni kwamba watu wanaliangalia kwa furaha, kwa hiyo mchimbaji anajisahau.

Kazi hii nilifundishwa na Baltazari, Mrundi Mkatoliki, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, ambaye nanyi mlimwona akiwa mzee wa kukaa kivulini. Nilipofika hapa sikujua hata kushika sururu. Kwetu Kivu ya Kusini nilikuwa nauza chumvi na sabuni. Siku ya kwanza alinipeleka kule bondeni karibu na ziwa, kwenye udongo mweusi, wakati wa kiangazi. Nilipiga sururu ikadunda kama nimepiga jiwe. Nikamwambia udongo huu ni imara, kuta zake hazitahitaji kitu.

"Weye Mukongomani," akasema, "hii udongo iko na nguvu ya uongo. Jua inaiweka ngumu. Mvua ikikuja, itakukumbatia kama mama mukwe."

Ikawa hivyo hivyo. Mvua ya kwanza ilikifunga kile choo, kazi ya kiangazi chote, kwa muda wa kumenya muhogo mmoja. Tangu hapo nilijua: udongo mweusi unapasuka ukikauka na kuvimba ukilowa, uwekee miti. Udongo mwekundu wa kule mteremkoni una mawe, unakuumiza mabega, lakini unasimama. Sururu nzuri niliifuata mpakani Kikagate, kwa watu wanaovusha bidhaa kutoka Tanzania, kwa sababu zile za dukani kwetu zilipinda kama vijiko.

Sheria za Baltazari zilikuwa chache. Usiweke udongo karibu na mdomo wa shimo. Kabla ya kuingia shimo refu la zamani, shusha mshumaa kwa kamba. Ukizimika, na wewe utazimika. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: mtu asishuke bila mtu juu. Hata kama shimo ni fupi. Hata kama una hasira.

"Hata Yesu," aliniambia siku moja, akiwa chini na mimi juu, "walimushusha batu, na ku mulango wa kaburi kulikuwa na muntu anangojea."

"Walikuwa askari, Baltazari."

"Askari si muntu?"

Alikuwa akisali rozari akichimba, kwa sauti, na mimi mlokole nilimwambia anamchosha Mungu kwa maneno yale yale. Alinijibu kwamba sisi tunampigia Mungu kelele kama vile yuko Kampala. Tulicheka sana katika mashimo. Nataka mlijue hilo, kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Lakini kwanza niwape la turubai, kwa maana mtalihitaji. Makanisa yetu yalibatiza ziwani mpaka siku kiboko alipotoka kwenye matete wakati mchungaji ameshika kichwa cha mtu majini. Yule mtu alitoka nusu yake ikiwa imebatizwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kummalizia. Baada ya hapo wakaanza kuniita mimi. Unachimba, unalaza magunia kwenye ngazi ili kingo zisitoboe, unatandika turubai mara mbili, watu wa kwaya wanaleta maji kwa majerikani. Chini ya turubai unamwaga majivu. Hapo ndipo nilipokosea kwa Pasta Elia, mchungaji wetu. Nilisahau majivu. Usiku mchwa walikula turubai, na asubuhi Pasta akiwa amevaa kanzu nyeupe alisimama juu ya shimo kavu. Watu wakaanza kulia kwamba kuna dhambi kanisani. Wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani tangu mgogoro wa shamba la maharage wakakumbatiana. Nikamsogelea Pasta nikamnong'oneza:

"Pasta, ni muchwa. Nilisahabu majivu."

Akanijibu bila kugeuza kichwa: "Baba Sifa, nyamaza kwanza. Bamalize kutubu."

Mmesikia jina hilo. Baba Sifa. Nanyi mnaniita hivyo, na mke wangu mlimwita Mama Sifa, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona Sifa.

Sifa ni binti yetu wa kwanza na wa pekee. Tulipokimbia, kwenye kivuko kulikuwa na watu wengi na mitumbwi michache. Mimi nilikuwa nimembeba mama yangu mgongoni, mke wangu alikuwa na mizigo, na Sifa alikuwa ameshikwa mkono na shangazi yake. Shangazi alifika ng'ambo. Mkono wake ulikuwa na kitambaa cha kichwa cha mtoto, hakuwa na mtoto. Hatukuuona mwili. Hatukupata mtu aliyeuona mwili. Hatukupata mtu aliyemwona mzima. Tuliandikisha jina lake katika kila ofisi inayotafuta waliopotea, na kila mgeni aliyefika kutoka upande ule tulimwuliza mpaka watu wakaanza kutukwepa. Hiyo ndiyo habari yote. Sijaificha kwa mtu, na haina sehemu nyingine.

Kwa desturi yetu wazazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Kwa hiyo kila salamu, kila asubuhi, kisimani, kwenye mgao wa chakula, mtu alimwita mke wangu kwa jina la yule asiyejulikana aliko. Baltazari aliwahi kuniuliza kama angeniita jina langu la ubatizo. Nikamwuliza mke wangu naye anaonaje. Akasema: "Bakiacha kuniita vile, nani atamutaja?"

Alikuwa mwimbaji kabla ya haya. Baada ya haya alikuja nami kanisani kila Jumapili na hakuingia. Alikaa nje, kwenye jiwe chini ya dirisha, akichambua maharage. Pasta alitoka kumwita.

"Mama Sifa, ingia mu nyumba ya Mungu."

"Niko nasikia kutoka hapa."

"Mungu anakungojea ndani."

"Na mimi niko namungojea hapa inje. Akitoka mutaniambia."

"Mama, Mungu haiko mu matofali tu. Iko kila fasi."

"Sasa mbona muko munaniita niingie?"

Wazee wa kanisa walicheka, na Pasta, ambaye ni mtu mwema, alicheka pia. Kisha akakaa chini karibu naye, kwenye udongo, na suti yake. Nilikuwa dirishani nikasikia yote. Alimwambia kwamba amani na Mungu si tuzo ya wasio na maswali, kwamba Kristo mwenyewe aliuliza kwa nini ameachwa na hakujibiwa pale pale, lakini kwa njia ile ile Mungu alitupatanisha naye. Mke wangu aliendelea kutupa mawe madogo nje ya ungo.

"Pasta, mimi nilikuwa na amani naye. Ye ndiye alivunja." Halafu akasema maneno ambayo nimeishi nayo tangu hapo. "Nikiomba amulinde Sifa, na kumbe Sifa alikufaka, niko naomba bure kama mwenda wazimu. Nikiomba amupokee, na kumbe iko muzima, niko namuzika na kinywa yangu. Sasa uniambie. Niombe ya namna gani?"

Pasta alinyosha mkono kwenye ungo, akaanza kuchambua naye. Ninamheshimu kwa hilo.

Mimi niliingia kanisani. Niliimba, nilisema amina, nilichimba mashimo ya ubatizo nikawaona watu wakitoka majini wanalia kwa furaha, nami nikakagua turubai kama limetoboka. Ndani yangu hapakuwa na mtu. Mke wangu aliyekaa nje alikuwa anagombana na Mungu kila siku, na ugomvi ni mazungumzo. Mimi nilikuwa nimeacha kuzungumza naye, tena kwa adabu, na hakuna aliyejua.

Ugonjwa wake ulianza tumboni. Zahanati ya hapa ikatutuma Mbarara. Mnaijua ile hospitali kubwa, mnaujua uwanja wake ambapo sisi tunaouguza tunafua na kuanika nguo kwenye nyasi. Tulikaa pale muda mrefu. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama Mnyankole aliyekuwa akiimba nyimbo za dini kwa lugha yake kila asubuhi, na mke wangu alikuwa akimsindikiza kwa sauti ya pili bila maneno. Sikuwa nimesikia sauti yake ya kuimba tangu kivukoni. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kama nguo zimekauka.

Nesi ndiye aliyeniambia, kwenye baraza, akiwa ameshika mkoba wake wa kwenda nyumbani. Hakuwa mkali; aliniita sebo, yaani bwana.

"Sebo, kuja. Bibi yako, dawa ya kumponesha haiko. Iko ya kupunguza maumivu tu. Wewe peleka yeye nyumbani. Alale kwa kitanda yake."

"Ana muda gani?"

"Hiyo ni ya Mungu, sebo."

Nakumbuka nilikasirika kwa jibu lile kuliko kwa habari yenyewe. Kila kitu ni cha Yeye, na hasemi neno.

Tulirudi kwa gari la mtu aliyekuwa amepeleka matoke. Katikati ya safari, bila kunitazama, mke wangu akasema: "Baba Sifa, ukifika uchimbe."

Nilidhani anazungumzia kaburi lake. Nikamwambia aache maneno hayo.

"Si yangu. Yangu batachimba bengine. Uchimbe ya Sifa."

Sasa lazima mjue jambo ambalo huenda ninyi mliozaliwa kambini hamkulisikia. Wazee wetu kule milimani, mtu akipotea na mwili wake usionekane, walichimba kaburi wakazika shina la mgomba mahali pake, ili matanga yaishe na watu walale. Mara nyingi watu walinishauri tufanye hivyo kwa Sifa. Mimi nilikataa kila mara. Mtu anayejua kuchimba anajua kwamba shimo la kipimo cha kaburi, likishakamilika, limeshasema jambo lake.

Nilichimba kwa sababu aliyeomba alikuwa anakufa. Nyuma ya nyumba, kwenye udongo mwekundu. Nilipima kwa kamba, pembe zikawa sawa. Lakini nilipofika kina cha kifua nikaona upande wa mashariki nimekata ngazi. Sikukusudia. Nilikuwa nimechimba mashimo mengi ya ubatizo kuliko makaburi miaka ile ya mwisho, na mikono ilifanya ilichozoea. Nilisimama pale chini nikaziangalia zile ngazi, nikashindwa kuzibomoa.

Baltazari, akitembelea fimbo, alileta shina la mgomba limefungwa kwenye baiskeli. Habari zilimfikia Pasta Elia, naye akaja kwa haraka, jasho likimtoka.

"Baba Sifa, bandugu, nawaomba. Hii ni mila ya zamani. Hatuziki mugomba. Tuko bantu ba ufufuo."

"Na bale bafu benye hawana kaburi?" Baltazari akamwuliza. "Hao ufufuo itawapata wapi?"

"Mungu anajua fasi biko."

"Basi mugomba itamuzuia kujua?"

Waliendelea hivyo kwa sauti, mmoja Mkatoliki, mmoja mlokole, juu ya shimo langu. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, amejifunika blanketi juani. Tulikuwa tumemsahau.

"Nani alisema mugomba?" akauliza.

Tukageuka wote.

"Nilisema achimbe. Sikusema mugomba. Hiyo mupatie mbuzi."

Kisha akaniomba mkono. Nikamshusha ngazi kwa ngazi, kama washirika wanavyoshushwa majini, yeye akiwa mwepesi kama mtoto. Alipofika chini aliniambia nimwachie, nikapanda juu. Akakaa, mgongo wake kwenye ukuta, na udongo ukiwa juu ya kichwa chake. Pasta alivua kofia. Baltazari alishika rozari.

Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya kuongea na jirani:

"Mungu, weye unajua fasi iko. Mimi sijue. Nilikuwa nakuomba uniambie, na hukuniambia, na nilikukasirikia mingi. Leo nimechoka kumushika peke yangu. Namuacha kwako. Kama iko muzima, iko kwako. Kama alikufa, iko kwako. Na mimi niko nakuja."

Hiyo ndiyo sala aliyokuwa ameikosa miaka yote. Haikuwa ya yule mzima wala ya yule mfu, na ilimtosha. Uso wake nitauelezaje? Nimeona nyuso za watu wanaotoka majini, na mara nyingi nilifikiri wanaiga. Yeye hakuiga. Alitazama juu akacheka kidogo.

"Huku kuko baridi vizuri," akasema. "Shuka na weye, Baba Sifa."

Nikamjibu: "Nikishuka nani atakutoa? Lazima mutu akae juu."

Lilikuwa jibu sahihi kabisa la kazi. Pasta alikuwa juu. Baltazari alikuwa juu. Alinitazama, akaelewa, na hakuniomba tena.

Alikufa kitandani pake wiki hiyo, akiwa ametulia. Mwisho aliimba. Kaburi lake mlichimba ninyi, kule makaburini, na pembe zilikuwa sawa, niliziangalia. Baltazari alimfuata kabla ya mavuno.

Watu walinipa pole kwa maneno mazuri: mkeo ameenda na amani. Kweli. Aliipata, akaondoka nayo, nikabaki na shimo. Mnakumbuka siku mliyonikuta humo, lakini hamjui nilichokuwa nafanya. Mmoja wenu aliniuliza, "Muzee, unatafuta maji?" Sikuwa natafuta maji. Nilishuka na sururu, bila mtu juu, nikaanza kuchimba pale alipokuwa amekaa. Nilichimba kwenda chini kuliko kaburi, chini kuliko choo, na nilikuwa nasema na Mungu kwa mara ya kwanza tangu kivukoni. Maneno niliyosema hayafai kuandikwa. Nilitaka atoke. Nilitaka kumfikia mahali alipojificha na siri yake, nimshike. Mgongo wangu ulikatika kabla, mkanivuta kwa kamba kama ndoo, na hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoisha. Sijashika sururu tena.

Mungu hakujibu. Niwaambie kweli, kwa sababu mnasikia ushuhuda wa watu wengi kanisani unaoishia vizuri. Hajanijibu mpaka leo ninapoandika. Huamka nikisikia watu wakisema "Baba Sifa, umeamkaje?" nami nasema salama. Jumapili siingii tena ndani. Nakaa nje kwenye lile jiwe chini ya dirisha. Pasta Elia huja kukaa nami, na hatusemi mengi. Juzi aliniuliza kama nimewahi kuomba ile sala ya mke wangu. Nikamwambia siwezi kuiomba nikiwa nimesimama juu. Akasema, "Basi."

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu.

Njoni mfukie. Lakini msilifukie lote. Mimi niliongeza kina kwa hasira, na hicho ndicho mrudishe: udongo ule wa mawe niliourundika upande wa magharibi ndio uliotoka chini, anzeni na huo. Kabla ya mtu kushuka, shusheni mshumaa. Mkijaza mpaka mkafika ngazi ya mwisho, acheni hapo. Ngazi bado ni nzima, nimezikagua kwa macho. Zungushieni miiba kwa ajili ya watoto, mniachie mlango mdogo.

Mgongo wangu hauwezi kamba, lakini ngazi naweza. Mmoja wenu abaki juu, akae mbali kidogo, asiniite nikikawia. Siwaahidi kwamba nitapata alichopata yeye. Huenda nitakaa, nitaona udongo, nitapanda.

Na huo udongo mkishaurudisha, ukanyageni kwa miguu, tabaka kwa tabaka, mpaka ukaze vizuri. Kuna mtu atakaa pale.